Kitanda Kinakwenda Kazini

Nusu tofali lilikaa ukingoni mwa jukwaa likitikisika kama jino la mtoto. Timazi aliliona, lakini mkono wake haukulifikia. Huku ameshika mwiko, huku tofali zima lenye udongo. Chini yake hasa, akivuta kamba ya roda ya kupandishia ndoo, alisimama baba mkwe wake.

Angekuwa mtu mwingine, kazi ingekuwa rahisi. Mafundi wa jengo lile walikuwa na namna yao ya kuonyana. Kitu kikiponyoka, aliye juu anapiga kelele, "We! Chini!" kisha anaongeza tusi moja fupi la kumpa mwenzake mwendo. Aliye chini anaruka kwanza, tusi analirudisha akishapona. Wengi waliokolewa na tusi hilo. Lakini baba mkwe haambiwi "we". Mtu aliyekupa binti yake humpigii kelele kama unayefukuza mbuzi shambani, na hilo tusi ndilo usilifikirie kabisa. Timazi akafungua kinywa, akatafuta haraka neno lenye adabu la kuokoa roho ya mtu, likamjia moja tu.

"Shikamoo, baba!"

Mzee akasimamisha kamba. Tangu azaliwe hakuwahi kuiacha salamu ya mkwe bila jibu. Akainua uso taratibu, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Marahaba, mwana—"

Nusu tofali likapita mbele ya pua yake, likatua ndani ya karai la udongo wa saruji miguuni pake. Udongo ukaruka, ukamkandika kuanzia ndevu hadi kofia.

"—angu," akamalizia mzee.

Jengo zima lilicheka. Mdomo, fundi aliyejenga juu ya jukwaa moja na Timazi na ambaye jina lake lilimtosha, alicheka hadi akakumbatia mrunda, nguzo ya jukwaa, asianguke. "Mzee kapigwa lipu!" akapaza sauti. "Bado rangi tu, apangishwe!"

Kilikuwa kicheko cha watu walioponea. Msimu uliopita, kwenye jengo la kona, tofali kama lile lilimpata mchanganya udongo begani, na hadi leo mkono wake haufiki kichwani. Mkewe ndiye anayemchana nywele. Msimamizi alisema jamaa alisimama vibaya. Kabla yake yuko aliyeangukiwa na bomba, naye alisimama vibaya. Kabla ya huyo, nyundo, na mwenye kichwa kile hayupo tena wa kuulizwa alisimamaje. Katika majengo yote waliyoyapandisha, kila aliyeangukiwa alikuwa amesimama vibaya. Hajasikika bado mkubwa akisema kwamba tofali ndilo lililokaa vibaya.

Timazi mwenyewe alipewa jina la ile kamba yenye risasi inayopima wima wa ukuta, kwa sababu kuta zake zilinyooka. Yeye alitembea ameinamia upande mmoja, kama mtu anayepenya banda la kuku. Siku ile alirudi nyumbani ameinama zaidi.

*

Mzee alitangulia kufika. Alifungua koti lake, akatoa kitu kizito kilichoviringishwa ndani yake, akakiweka mezani katikati ya sahani.

"Ni nini hicho, baba?" aliuliza Mama Pacha, mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani.

"Zawadi. Muulize mumeo."

Lilikuwa lile nusu tofali. Pacha wakalisogelea wakitaka kulichezea. Babu yao akawachapa vidole kidogo. "Liacheni. Huo ni ushahidi."

"Baba, liliponyoka," alisema Timazi. "Na mimi nilikusalimia—"

"Ulinisalimia vizuri, sikatai. Salamu ilikuwa na adabu zote. Aliyeisindikiza ndiye hana adabu." Mzee akajifuta ndevu, ambazo zilianza kuwa ngumu kwa saruji na kutoa mlio zikiguswa. "Mahari nilipokea, tukamalizana. Sasa naona mwenzangu ana nyongeza, na nyongeza yenyewe anailetea kichwani."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukupiga kelele kama mnavyopigiana siku zote?"

"Nimwambie baba yako 'we'?"

"Thubutu!" mzee alipiga meza, nusu tofali likaruka. "Nasema hapa hapa, wajukuu wasikie, na sahani zisikie. Siku nitakayosikia 'we' kutoka kinywani mwa mkwe wangu, sisogei. Nitasimama pale pale liniue, ili watakaokuja kunizika wajue ni nani aliyekosa adabu."

"Basi acha ile kazi, baba. Kaa nyumbani upumzike."

"Nikae kwa mkwe nimening'inia tu? Mimi pazia?"

Mzee alikuwa seremala maisha yake yote, hadi mikono ilipoanza kutetemeka na msumeno ukawa unakata pembeni ya mstari. Alipokuja kukaa kwa binti yake hakumaliza hata juma. Alitoka asubuhi, akarudi na kazi ya kuvuta kamba, bila kumwambia mtu. Timazi aliigundua kazi hiyo kwa kutazama chini akaona kofia anayoijua.

Wawili walipojitenga chumbani, Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo Timazi aliiogopa kuliko ya juu. Alikuwa ameketi juu ya kitanda chao, ambacho kilijaza chumba hadi mlango ukawa unafunguka nusu. Mzee alikichonga kwa mkono wake binti alipoolewa: mbao ngumu tupu, bila msumari, na kwenye ubao wa mchagoni, upande wa kichwa, njiwa wawili wanaobusiana. Kwa jicho la haki walikuwa bata, ila hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele yake.

"Nisikilize, Baba Pacha. Baba yangu akirudi hapa na kivimbe, hata kiwe kama punje ya mtama, wewe usirudi. Lala huko huko na matofali yako."

"Sasa mimi nifanyeje? Tatizo ni mbao za ukingo hakuna."

"Ndiyo nini hizo?"

"Ubao. Unausimamisha ukingoni mwa jukwaa, kitu kikiviringika kinagota pale. Hakianguki."

"Ubao tu?"

"Ubao tu."

"Na watu wanavunjwa mabega kwa kukosa ubao tu?"

Mama Pacha akawa anapiga piga kitanda kwa kiganja, kama mtu anayejaribu ubora wa tikiti maji sokoni.

*

Msimamizi wa jengo aliitwa Bwana Baadaye. Maji ya kunywa? Baadaye. Choo kilichoziba? Baadaye. Timazi alimkuta kivulini anakunywa soda, akavua kofia.

"Mkubwa, shida yangu ni ile ya mbao za ukingo."

"Baadaye."

"Baadaye lini, mkubwa?"

"Baadaye ni baadaye. Ingekuwa na siku ingeitwa Jumanne."

"Basi mzee wa roda apewe kofia ngumu. Zipo stoo, nimeziona."

"Zile ni za wageni."

"Wageni wanajenga?"

"Wageni wanaangalia." Bwana Baadaye akashusha chupa, akamweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Elewa, fundi. Kichwa cha mgeni kikipasuka, hiyo ni habari. Chako kikipasuka, huo ni msiba wa kwenu. Tena fundi ukae mguu sawa, maana siku hizi Tajiri anawaleta wanunuzi waone jengo."

"Hata mzee asogezwe pembeni, basi."

"Roda iko pale. Unataka nisogeze jengo?"

Hata hivyo asije mtu akasema Bwana Baadaye hakufanya kitu. Mchana ule ule aliamuru kibao kipya kitundikwe getini, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KUWENI WAANGALIFU. Kilikuwa kibao cha haja, kirefu, cha mbao safi. Timazi alikitazama kwa uchungu. Kingelazwa juu ya jukwaa, kingeziba ukingo wote wa upande wa roda, hata bila maandishi.

Akabaki kujitafutia dawa mwenyewe. Mama Pacha alimpa lesi zilizobaki kwenye gauni la bibi harusi alilolishona, za rangi ya waridi. Akafunga mwiko, akafunga nyundo, akafunga pimamaji, ncha nyingine kiunoni. Chombo kikiponyoka kinaning'inia.

"Shemeji!" Mdomo alimwita hivyo tangu asubuhi. "Hiyo nyundo inaolewa lini? Tuchange?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama bwana wake ni patasi au msumeno."

Kabla ya mapumziko mwiko wa Mdomo ulimtoka mkononi, ukajichoma ardhini unywele tu kutoka mguu wa mchota maji. Mdomo alinyamaza kitambo, jambo lililowatisha wenzake kuliko mwiko wenyewe. Kisha akasogea karibu na Timazi. "Kaka," alinong'ona, "ya bluu huna?"

Lakini tofali halifungwi lesi. Kwa matofali, Timazi alipatana na mzee kwamba atakohoa. Kikohozi hakina dharau; hata mbele ya wakwe mtu hukohoa. Wakajaribu. Kipande cha tofali kikaanza kuserereka ukingoni, na Timazi akakohoa hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Mzee, patano limemtoka kichwani, akaacha kamba, akainua uso wenye huruma. "Pole, mwanangu. Kifua hicho kina siku nyingi? Mwambie mwenzako akuchemshie—"

Kipande kikatua katikati ya miguu yake na kumkata ndala kisigino.

Jioni ile mzee aliweka ndala mezani, kando ya nusu tofali, akanawa mikono. Mama Pacha akaitazama ndala, akamtazama mumewe. Hakumwekea chakula. Alimwekea bisibisi.

"Ya nini?" Timazi aliuliza.

"Kesho asubuhi baba anakwenda kwa kinyozi kukata zile ndevu za saruji. Sisi tunavunja kitanda."

"Kitanda kipi?"

"Kwani tuna vingapi?"

"Mke wangu, kile alikichonga baba yako. Kwa mkono wake. Akikiona—"

"Akikiona atakuwa hai. Maiti haioni kitanda."

"Na tutalala wapi?"

"Ulipokuwa kapera ulilala wapi?"

"Kwenye mkeka."

"Mkeka haujakusahau."

Bisibisi haikuwa na kazi, maana kitanda hakikuwa na msumari wala skrubu. Kulipopambazuka mzee akatoka, nao wakakigonga vigingi kwa mchi wakibembeleza, kikaachana kipande kwa kipande, na kila kiungo kililia kama kinaulizwa siri za ndani. Timazi akajitwika mbavu mbili ndefu za kitanda. Pacha wakabeba chaga. Mama Pacha akajitwika ule ubao wa mchagoni, njiwa wakitazama mbele, wakaongozana barabarani kama maandamano.

"Mnahama, jirani?" aliuliza mama wa nyumba ya pili, ndoo mkononi.

"Hatuhami."

"Mnauza?"

"Hatuuzi."

"Sasa hicho kitanda kinakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Kinakwenda kazini," alisema Mama Pacha, na hakugeuza shingo.

*

Timazi hakuthubutu kukipigilia msumari kitanda cha mkwewe. Alikifunga kwa waya kwenye mirunda, mbavu zikalala kwa ubavu ukingoni, chaga zikaziba mapengo, na upande wa roda hasa, mahali mzee anaposimama, akausimamisha ule ubao wa mchagoni. Njiwa wakabusiana juu ya mji mzima.

Mdomo alipopanda na kuwaona alishindwa kusema, mara ya pili kwa juma moja. Akakaa chini. "Shemeji," alisema baadaye, machozi yakimtoka, "nilikuwa najua mnapendana. Sikujua mnataka mashahidi."

Mzee alifika kidevu kikiwa kitupu kama yai. Akashika kamba, akatemea viganja, akavuta ndoo ya kwanza huku akiifuata kwa macho inavyopanda. Ndoo ikafika juu. Macho hayakurudi chini.

"Kile pale ni nini?"

"Shikamoo, baba," alisema Timazi kutoka juu.

"Marahaba. Kile pale ni nini?"

"Ni ubao wa ukingo, baba."

"Mimi naujua ubao wa ukingo, na ninawajua njiwa wangu! Kile ni kitanda cha binti yangu!"

Miiko ilisimama jengo zima. Kutoka ghorofa ya juu mtu akauliza kama godoro nalo linakuja. Mwingine akasema wamwachie fundi nafasi, huenda mchana anapumzika. Mzee alitetemeka kuanzia kisigino kisicho na ndala. "Nilikichonga kitanda kile mwezi mzima," alisema. "Nilikipaka mafuta kwa kitambaa cha marehemu mke wangu. Nilifanya hivyo ili watu wawili walale kwa staha ndani ya chumba chenye mlango, si ili wachanganya udongo wakipigie miluzi!"

"Kishushe!"

"Baba, kwa heshima zote, siwezi."

"Mkwe unanikatalia?"

"Nakukatalia kwa heshima."

"Kishushe, au nipande nikakishushe mwenyewe!"

Mdomo ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza. Alikuwa anacheka na mwili mzima, kiwiko chake kikalisukuma rundo la matofali nyuma yake. Rundo lote likalala, likaserereka juu ya mbao kwa kishindo kama kabati linaloangushwa ngazini, moja kwa moja kuelekea ukingoni, upande wa roda. Timazi alifungua kinywa. Safari hii hata shikamoo haikupatikana.

Matofali yakagonga mchago wa kitanda. Kitanda kikaguna, waya zikalia, vumbi likapanda, na kipande kidogo cha mbao, chenye ukubwa wa ukucha, kikaanguka hadi kwenye bega la mzee.

Baada ya hapo hakuna kilichoanguka.

Mzee akakiokota kile kipande, akakigeuza mwangani. Ulikuwa mdomo wa njiwa mmoja. Akatazama juu, akayaona matofali yamejipanga nyuma ya njiwa wake kama watu nyuma ya uzio; yangefunika kichwa chake, mabega, na kofia aliyoizoea. Jengo zima lilimsubiri. Mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka kwa miaka, ilitulia kidogo.

"Hakina msumari hata mmoja, kile," alisema hatimaye, kwa yeyote anayesikia. "Ni ulimi na tundu tu. Siku hizi nani anaweza?"

*

Tajiri mwenye jengo alifika kabla matofali hayajapangwa upya. Alikuja na kundi la wanunuzi, kila mmoja na kofia ngumu mpya yenye nailoni bado. Bwana Baadaye alitangulia mbele akifukuza vumbi kwa mikono.

"Vyumba vya upande huu vitapata upepo mzuri sana," Tajiri alikuwa akisema. Kisha akainua macho. "Kile... ni kitanda?"

"Mkubwa, ni... baadaye nitakueleza," alisema Bwana Baadaye.

"Aibu gani hii? Watu wanataka kununua nyumba, mnawaonyesha chumba cha kulala cha nani? Kishushwe sasa hivi! Na aliyekipandisha afuatane nacho hadi getini."

Timazi aliusikia mshahara wake ukitoka getini umebeba kitanda. Akatazama chini. Akikishusha akaomba radhi, huenda akabaki na kazi, na mzee anabaki na kichwa kisicho na kinga. Na kule nyumbani pana mke aliyekwisha kumwambia asirudi. Asipokishusha, kesho hakuna unga ndani wala kodi ya chumba. Mkono wake ukaishika waya. Haukuifungua.

"Kitanda changu hakishuki," ilisema sauti kutoka chini.

Alikuwa mzee. Alikuwa ameketi kwenye karai lililofunikwa, kamba ya roda ameizungusha kiunoni.

"Wewe nani?" Tajiri akauliza.

"Mimi ndiye niliyekichonga. Kikishuka kitanda, kamba siivuti. Muivute ninyi, mna kofia."

"Na sisi tunashuka," akasema Mdomo, akaanza kushuka kweli. Kutoka ghorofa ya juu akashuka mwingine, na mwingine. Mchota maji akaweka ndoo. Hakukuwa na hotuba wala bendera. Kila mmoja alikuwa na bega la kukumbuka, lake au la mwenzake, na walikwenda kuketi wote upande ule ule, chini ya kitanda.

"Hao nawalipa kwa kazi, au kwa kupumzika?" Tajiri alimuuliza Bwana Baadaye kwa meno yaliyofungwa.

Mmoja wa wanunuzi, mama mwenye pochi kubwa, alimgeukia Mdomo. "Samahani, baba. Kwa nini mmejazana hapo?"

"Mama yangu, upande wenye kitanda hauangushi."

"Na huu niliosimama mimi?"

Mdomo akainua macho polepole kuelekea jukwaa lililokuwa juu ya mama huyo, tupu, lisilo na ubao wala chaga. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapo umesimama vibaya, mama."

Mama yule hakusubiri ufafanuzi. Alishika pochi kwa mikono miwili, akakimbilia chini ya kitanda. Wenzake wakamfuata, kofia zikigongana, wakabanana na mafundi bega kwa bega hadi mzee akalazimika kusogeza karai. Tajiri akabaki peke yake uwanjani na suti yake. Alitabasamu. Kutoka juu, bila kusukumwa na mtu, donge la udongo likajing'oa na kutua *pwaa* juu ya kiatu chake kilichong'arishwa.

Alitembea kwa mwendo wa mtu asiyekimbia lakini anayewahi kufika. Akapenya kati ya mchota maji na mama wa pochi, akasimama chini ya wale njiwa.

"Mbao za ukingo ziko wapi?" aliuliza.

"Tutazileta baadaye, mkub—"

"Sasa hivi!"

Zilitoka stoo. Hazikununuliwa, hazikuagizwa, zilitoka stoo, nyuma ya kofia za wageni, zimefunikwa turubai, zina utando wa buibui. Zilikuwa pale tangu siku ya kuchimba msingi. Mafundi walizipokea mkononi mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetania wakati huo. Mtu alisema polepole, "Yule wa kona bado mkewe anamchana nywele," wakaendelea kuzipandisha.

*

Kitanda kilirudi nyumbani kwa gari la kampuni, juu ya mchanga, kama bwana harusi. Mama Pacha alikipokea mlangoni, akamkagua baba yake kwanza, kichwa, shingo, mabega, akimgeuza kama nguo anayotafuta matundu. Alipomaliza akamtazama mumewe.

"Ingia," alisema. "Chaga moja imepungua."

"Imebaki kazini. Bado ina zamu."

Njiwa mmoja alikuwa hana mdomo. Mzee alikataa kuubandika. Alisema sasa wamefanana na watu waliokaa kwenye ndoa muda mrefu, mmoja anasema na mwingine anasikiliza. Hakusema ni yupi.

Mbao za ukingo zikawekwa jukwaa zima. Lesi nazo zikabaki, kila fundi na rangi yake. Na kile kibao cha KUWENI WAANGALIFU mafundi walikilaza ukingoni pia, maandishi yakitazama ndani, wakasema ndipo kinapofanya kazi. Lakini roda ni roda, na ndoo ni ndoo. Asubuhi moja, ndoo ya udongo ikiwa imefika juu kabisa, Timazi akaona mkono wa ndoo hiyo unafunguka upande mmoja. Ubao wa ukingo hauzuii kinachoanguka nje yake. Chini, mzee alikuwa ameinama akifunga ndala mpya.

Timazi hakufikiri.

"We mzee! Toka!"

Mzee aliruka. Aliruka kama mbuzi aliyeona chatu, akalivuka lundo la mchanga, akatua ng'ambo kwa magoti. Ndoo ikaja ikapasuka pale alipokuwa ameinama, udongo ukatapakaa.

Mdomo alijifunika uso kwa lesi yake ya bluu. Mzee akainuka. Akajikung'uta mchanga goti la kwanza, akajikung'uta la pili, akavaa kofia sawasawa, akarudi hadi kwenye ndoo iliyopasuka. Akaitazama. Akainua uso juu.

"Umeniitaje?"

Timazi alikuwa ameshika mrunda kwa mikono yote miwili. "Baba, mimi... ulimi..."

"Sikusikia shikamoo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaiokota kamba, akatemea viganja. "Basi kuanzia leo ndiyo hivyo. Kwanza nitoke. Salamu utanipa baadaye. Na hiyo ndiyo baadaye pekee nitakayoikubali kwenye jengo hili."